Maranda ya Msipresi

Mwamini mwanangu,

Kabla ya salamu, ujue kwanza jambo moja: baba yako ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote walioko mtaa wetu wa Buyenzi, na ukitaka niongeze mitaa ya Bwiza na Nyakabiga, nitaongeza. Bahati yangu si ya kuokota noti barabarani, hiyo ni ya watoto. Yangu ni hii: kila mtu aliyewahi kunikosea, dunia imemlipa mbele ya macho yangu, mimi nimekaa kwenye kigoda na kahawa yangu, sijainua hata kidole. Mwalimu aliyenifukuza darasa la tano, kiti kilimvunjikia mbele ya inspekta, miguu ikaangalia dari. Karani aliyenipiga kofi kwa ajili ya kitambulisho, mlango wa choo chake uling'oka siku ya harusi ya binti yake, naye yuko ndani, wageni wote wanamtazama. Aliyeniibia baiskeli hakumaliza wiki mbili, mbwa alimtoa nyama ya paja. Na Sefu? Tutafika kwa Sefu. Barua yote hii ni ya Sefu, na ni yako.

Salamu sasa. Amani ya Mungu iwe nawe kwenye boti na ukishuka boti.

Habari za kuchemsha maji, kuficha pesa, kutolala karibu na dirisha na kumsikiliza shangazi yako Kigoma, sitaandika. Mama yako ameshakuhesabia mara tano na kesho asubuhi bandarini atakuhesabia ya sita. Mimi nikifika bandarini nitafanya mzaha, unanijua. Nitasema boti limeinama upande mmoja kwa uzito wa sanduku lako, utacheka, utaondoka, na hili lililo kifuani litabaki huku kwangu. Kwa hiyo naandika sasa hivi, jua bado liko juu ya milima ya Uvira, karatasi nimeiweka juu ya benchi la kazi. Ukiona alama ya gundi, ni gundi.

Nataka kukuambia kilichowaumiza wanyama wa Madame na kumwua mmoja. Miezi minne sasa unaamini ni wewe.

Lazima nianzie mbali kidogo, vumilia. Sefu na mimi tulitiwa jandoni siku moja. Tulijifunza useremala kwa mzee mmoja, tulikula sahani moja, na tulipofungua karakana zetu tuliziweka ukuta kwa ukuta, randa yangu ikisikika kwake na nyundo yake kwangu. Mwaka ule mitaa ilipoanza kufukuzana, tulipotoka hapa na godoro moja na sufuria mbili, wewe umembeba mdogo wako mgongoni, nani nilimwachia ufunguo wa karakana? Sefu. Nilimwambia mwezi mmoja. Tulikaa Uvira miezi minane.

Niliporudi, nilikuta mlango wangu umefunguliwa, kibao kimeandikwa jina lake, na watu wananitazama kama wanaona jini. Bibi mmoja muuza mkaa aliangusha ungo. Ndipo nikaambiwa kwamba mimi nimekufa. Sefu alikuwa amepata habari kwamba lori letu lilipigwa njiani na hakubaki mtu, akanitangaza msikitini, watu wakachangishana, nikasomewa hitima, pilau ikaliwa. Mwamini, mi nimefika Kalemie, nimefika Mwanza, nimekaa Nairobi siku tatu, lakini sijaona popote marehemu anayeingia mtaani kwa miguu yake na kuuliza kama pilau yake ilikuwa na nyama.

Watu walicheka, na mimi nilicheka zaidi yao. Ndani nilikuwa nachemka. Maana mtu akishakufa, wateja wake wanahama, na wangu wote walikuwa wamehamia kwa Sefu: nyumba za wenye pesa za Kinindo, zile za kwenye kilima cha Kinanira, wote. Alinirudishia ufunguo, ndiyo. Alinirudishia na vyombo, randa, misumeno, patasi zote na mipini yake. Akaniambia tuungane, tufanye kazi pamoja, tugawane wateja. Mi nikamwambia maiti haifanyi ushirika na walio hai. Nilijiona nimesema neno kubwa sana. Nikatoka na kiburi changu, nikaanza upya na vizimba vya kuku.

Mama yako alisema Sefu alilia siku ya hitima, watu walimwona. Nilimjibu kwamba hata mamba hulia, na kwamba asinitajie tena. Na hakunitajia tena.

Sasa wewe. Ulipata kazi kwa Madame, yule mzungu wa kule Kinindo, kwa akili yako mwenyewe, sikukusaidia chochote. Siku ya kwanza ulirudi unaeleza habari za wale wanyama, mama yako akashika kiuno kwa kucheka. Degu. Nilidhani ni jina la mtu. Ukatueleza: ni panya, lakini panya aliyesoma. Mkia una brashi mwishoni kama ya kunyolea, masikio mapana, na meno ya rangi ya chungwa, na Madame alikufundisha kwamba meno yakipauka ujue mnyama anaumwa. Wametoka Chile, nchi nyembamba ndefu kama ubao wa dari, ambako hata mi sijafika. Mmoja ulimwita Sultani, mdogo ukamwita Kibibi. Ulisema Kibibi anakuja kulala kwenye kiganja chako ukimwita kwa ulimi, na kwamba Madame alikuwa anakaa mlangoni kimya kuwatazama ninyi wawili. Nyumba yetu nzima ilikuwa inasikiliza habari za panya, na nje watu wanasikiliza redio za vita.

Kizimba chao cha zamani waliking'ata kikaisha. Madame akataka kipya. Fundi wa nyumba ile alikuwa nani? Sefu, ndiye aliyemtengenezea milango na kabati. Ulikuja nyumbani umenuna, ulitaka kazi ije kwangu, kwa sababu hakuna mtoto wa Buyenzi asiyejua kwamba vizimba ni mimi. Mi nimetengeneza vizimba vya njiwa, vya sungura, vya kasuku waliovuka kutoka Kongo na kusafiri mpaka Ulaya kwa ndege, ndani ya mbao zangu. Nilikuambia usijali, kazi ni riziki. Usiku ule sikulala vizuri, lakini si kwa sababu ya riziki.

Siku ya tatu Sefu mwenyewe akaja. Alisimama pale pale ninapoandikia, kofia mkononi.

"Kaka Hamisi," akasema, "niko naomba unisaidie. We ndiye baba ya vizimba. Mi najua mlango, kitanda na sanduku. Hii manyama ya Madame inakula mbao, inakula plastiki, imekula hadi bawaba. Chini niweke nini? Na walalie nini?"

Mwanangu, kama unataka kujua utamu, si asali. Ni adui yako kuja kwa miguu yake kukuuliza swali ambalo wewe peke yako ndiye unayejua jibu lake.

Nilimpa kigoda. Nilimmiminia kahawa. Nikamwuliza hali ya watoto. Halafu nikamwambia, taratibu, kama mwalimu: "Chini weka waya, ndugu yangu. Waya ya kuku, ile ya matundu madogo. Uchafu unaanguka wenyewe chini, hawana la kung'ata. Na kwenye chumba cha kulala ujaze maranda ya msipresi, ya leo leo, bado mabichi. Inafukuza viroboto. Madame atasifu harufu."

Akauliza kama ya kwake yanafaa. Nikamwambia apana, ya kwako yamechanganyika na vumbi la tripleksi, zile mbao za kubandikwa, lina gundi. Huo ndio ukweli pekee niliousema siku ile. Nikasimama, nikachukua gunia lililokuwa nyuma ya mlango, maranda yangu mwenyewe, nikambebesha begani. Alinishukuru, Mwamini. Alisema Mungu anizidishie.

Unajua miaka hii msipresi umejaa wapi. Fundi mbao wa Bujumbura siku hizi hatafuti kazi, kazi inamtafuta. Masanduku ya maiti. Sisi tunazikana kwa sanda, lakini mbao za jirani zetu Wakristo zinapita mikononi mwetu kila wiki, na msipresi ndio wa masanduku kwa sababu ni mwepesi na unanukia, na harufu yake inafunika nyingine. Ndiyo maana maranda yake yanagawiwa bure kina mama wawashie moto. Mtu yeyote angeweza kukosea akayachukua akatandikia mnyama. Ni laini, ni meupe, yananukia kama duka la sabuni. Hata Sefu angeweza kufikiri hivyo peke yake.

Ila mimi sikukosea. Nilipokuwa na miaka tisa nilifuga dende sita, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaozunguka jikoni kwa watu wa Kongo. Baba yangu alikuwa anaranda msipresi, nami nikajaza kizimba chao maranda mapya mpaka juu, nikaona nimewatandikia kitanda cha mfalme. Siku ya nne walianza kupiga chafya. Macho yakatoa maji, pumzi ikawa na sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Mwezi haukwisha, nikabaki na wawili. Baba hakunipiga. Alinishika shingo, akanizamisha uso ndani ya gunia la maranda mpaka nikakohoa machozi, akaniuliza, "Wewe ungelala humu?" Tangu siku hiyo sijamtandikia mnyama yeyote msipresi. Na waya pia nilijua. Kuku ana makucha ya kushika. Sungura ana manyoya chini ya mguu, na hata yeye nikimtengenezea waya namwekea ubao wa kupumzikia. Mnyama mwenye unyayo mtupu, laini kama wa mtoto mchanga, ukimsimamisha juu ya waya usiku na mchana unamsimamisha juu ya visu.

Nilijua yote hayo, nikampa Sefu gunia.

Nilitaka nini? Nilitaka Madame aseme Sefu si fundi. Nilitaka apoteze Kinindo kama mimi nilivyoipoteza, basi. Nilihesabu wiki mbili, tatu, wanyama waumwe kidogo, Madame akasirike, wewe useme baba yangu anajua, niitwe, niweke sakafu ya maana, wapone, nisifiwe. Hesabu ilikuwa nzuri. Mi hesabu za kichwani nazijua, niliacha shule kabla ya zile za kwenye karatasi.

Halafu ukaja wewe. Hili sikuliweka kwenye hesabu. Ilikuwa jioni, unavua viatu, ukaniambia: "Baba, Kibibi analamba miguu, imekuwa myekundu. Na wote wanapiga chafya. Hii maranda iko sawa kweli?"

Uliniuliza mimi. Ulikuwa na mwalimu mmoja tu wa vizimba duniani, ukamwuliza. Ningeweza kusema toa hayo, weka majani makavu, weka ubao. Maneno saba. Kibibi angekuwa hai. Badala yake nikakuambia, "Wageni wote wa Bujumbura hupiga chafya mwezi wa kwanza. Watazoea." Ukacheka. Kesho yake ukaenda ukamwambia Madame kwamba baba yangu, fundi wa vizimba, amesema watazoea, naye akakuamini kwa sababu wewe ndiye uliyewajua wanyama wale kuliko yeye.

Sikubadili neno kwa sababu bado ilikuwa mapema. Sefu alikuwa bado hajaanguka.

Siku ulipoingia mlangoni na ule mfuko wako wa plastiki wenye kanga na kandambili za kazini, nilijua kabla hujafungua mdomo. Kibibi amekufa mkononi mwako. Madame amewafukuza wote wawili siku moja, Sefu kwa kizimba chake na wewe kwa uzembe, kwamba uliona wanaumwa ukapuuza, ukaleta maneno ya kienyeji. Hukulia. Ulikaa kwenye mkeka ukasema, "Ni mimi. Niliona, nikasema watazoea." Ulisema mimi. Hukusema baba.

Mama yako alingoja ukalale, ndipo akaniuliza gunia la msipresi lililokuwa nyuma ya mlango liko wapi. Nikasema nimeuza. Akauliza kwa nani. Nikasema kwa mtu. Tangu siku ile chai yangu inakuja bila sukari, na mi sijathubutu kuomba.

Sasa nisikilize, maana ningeweza kukuandikia kwamba tangu hapo sikupata usingizi. Nilipata. Nilinenepa, Mwamini. Nilikuwa napita mbele ya karakana ya Sefu makusudi, asubuhi na jioni, kuona kibao chake kikichubuka. Nyumba za Kinindo ziliambiana kama zinavyoambiana, na mwezi haukwisha akabaki na masanduku tu. Nilimsalimu kwa sauti. Nilimwuliza habari za wanyama. Watu wakisema maskini Sefu, mi nasema dunia hiyo, dunia inalipa. Kulikuwa na furaha ndani yangu ambayo sijaipata hata siku ya arusi yangu, na mama yako akisoma hapa anisamehe.

Kitu kimoja tu kiliniharibia ile furaha, nacho ni karatasi. Shangazi yako alipotuma habari kwamba Kigoma kuna nyumba za wageni wanaofanya kazi na wakimbizi, kwamba wanatafuta wasichana lakini hawamchukui mtu bila attestation, barua ya sifa kutoka kwa patroni, mwajiri wake wa kwanza, wewe ulikwenda kwa Madame kuomba. Ulikwenda mara mbili. Mara ya pili zamu, yule mlinzi wao, hakukufungulia lango. Ukarudi ukaniomba nikusindikize, mzee kwa mzee, labda angesikia. Nikafanya mzaha. Nikasema wazungu wananiogopa kwa uzuri. Uliomba tena wiki iliyofuata, nikasema mguu unaniuma. Hukuomba ya tatu. Ulianza kusema basi, utafua nguo za watu mlango kwa mlango, si kitu.

Mguu haukuwa unauma. Kilichouma ni hiki: kukusafisha wewe ilikuwa ni kumsafisha Sefu. Hakukuwa na njia ya kusema binti yangu hana kosa bila kusema na fundi yule hana kosa. Nililigeuza jambo hilo kama ubao wenye nundu, huku na huku, nikitafuta upande wa kupitisha msumeno. Nilifika mpaka kona ya kuingilia barabara ya Madame siku tatu tofauti. Siku tatu nikamwona Sefu kichwani, anarudi Kinindo na vyombo vyake, anapiga mluzi. Nikageuka nyumbani.

Wiki iliyopita nilikukuta uwani unafua mashuka ya jirani kwa ajili ya nauli. Uliponiona ulificha mikono ndani ya povu, kama mtu aliyefumaniwa anaiba. Nilivaa koti langu la Nairobi nikaenda.

Madame aliniweka barazani, hakunipa kiti. Kifaransa changu ni cha darasa la tano lakini siku ile kilitosha. Nilimwambia ni mimi. Waya ni mimi, maranda ni mimi, na lile neno la watazoea ni langu, mtoto alilibeba tu. Aliuliza kama nilijua yatawadhuru. Nikasema nilijua tangu nina miaka tisa. Aliuliza, "Binti yako alijua?" Nikasema apana. Akauliza tena, "Na Sefu, alijua?"

Hapo, mwanangu, shetani alinisogezea kiti ambacho Madame alininyima. Neno moja tu. Ningesema ndiyo, tulipanga wote, na wewe ungetoka safi, naye angebaki matopeni palepale nilipomweka. Nani angejua? Neno lilikuwa limeshapanda ulimini, nalionja. Kilichonizuia si uchaji, usinisifu. Niliona tu karatasi yako ikiandikwa juu ya uongo wangu wa pili, wakati uongo wangu wa kwanza ndio uliokufukuzisha kazi. Nikasema, "Sefu hakujua. Sefu aliniamini."

Nililisema kama mtu anayetema jino.

Hakunisamehe, Madame. Alisema tu kwamba Sultani bado yuko hai kwenye boksi la karatasi, miguu inapona polepole, na keshokutwa nije kutengeneza sakafu, na Sefu aje, kwa sababu kizimba ni chake. Ndiyo kusema ningefanya kazi mbele ya adui yangu, naye anajua kila kitu, kwa sababu Madame alimwambia yote kabla sijafika.

Tulifanya kazi asubuhi nzima, kila mtu upande wake. Nilileta mbao za libuyu, zile ngumu za Kongo, kavu, hazijaguswa na rangi wala mafuta machafu ya gari tunayopaka kuzuia mchwa. Nilizisugua kwa mkono. Misumari tuliipiga kutoka chini ili meno yasikute kichwa cha msumari, na tulibana viungo visipitishe mkojo. Ilipofika kuinua sakafu yenyewe, mmoja hawezi. Sefu alikuwa upande wa pili. Akasema bila kunitazama, "Marehemu, shika huko."

Nikashika. Tukaiingiza. Akapangusa mikono, ndipo akanitazama.

"Mi nilikulilia, we Hamisi," akasema. "Waliniapia lori ni lenu. Nilipika pilau machozi inaanguka ndani ya sufuria. Na we ukanipa gunia unacheka."

Nilimwuliza kama pilau ilikuwa na nyama.

"Mbuzi muzima. Wa kwangu mwenyewe."

"Basi nilikufa vizuri," nikamwambia.

Alicheka yeye. Mimi sikucheka. Tulitandika majani makavu niliyokata upande wa Gatumba na kuyaanika kivulini siku nzima mpaka yakaacha kutoa unyevu, na magazeti nimeyachana vipande vyembamba, ya wino mweusi mtupu, si yale yenye picha za kung'aa. Pembeni nikaweka bakuli la mchanga wa mto Rusizi, nimeuchekecha mara tatu, maana wewe ndiye uliyenieleza kwamba wanaoga mchanga. Sultani alitolewa kwenye boksi. Alinusa. Alipita kila kona akinusa, akajitupa kwenye mchanga akabingirika, halafu akaanza kubeba majani, jani moja moja mdomoni, akiyapeleka nyuma ya ubao kujenga mahali pa kulala. Mahali pa mmoja. Sote watatu, Madame naye mlangoni, tulisimama pale tukimtazama.

Karatasi yako iko ndani ya sanduku lako, katikati ya kitenge cha kijani, nimeikunja ndani ya bahasha. Madame ameandika kwamba ulifanya kazi vizuri, kwamba uliwapenda wanyama na kuwatunza, na kwamba kilichotokea hakikuwa kosa lako. Ameiweka sahihi na muhuri. Nimeisoma mara nyingi, na maneno ambayo sikuyaelewa nimemwuliza mtu.

Na Sefu amerudi Kinindo. Jana nilimsikia anapiga mluzi kweli, kama nilivyomwona kichwani, asubuhi, anafunga vyombo kwenye baiskeli. Kibao chake amekipaka rangi upya. Nilisimama mlangoni kwangu, nikamwombea pancha. Sijamsamehe, sijui kama nitamsamehe, na sikuandikii haya ili useme baba amekuwa mtu mwema. Usiku wa jana wote nilikuwa nikifikiri ni kitu gani kingine kinaweza kumpata Sefu. Lakini sitakigusa. Nimeshaona mkono wangu ukielekea kwake unapita kwanza wapi.

Utakasirika. Kasirika ukiwa kwenye boti, au ukifika, chukua muda wako, na usiandike mpaka umalize. Kama hutaandika, nitamwuliza shangazi yako tu kama unakula. Neno ulilojibebesha, lile la "ni mimi", litupe ziwani katikati, mahali penye kina. Si lako. Nilikupa mimi, kama nilivyompa Sefu gunia.

Na lile la bahati nililoanza nalo ni uongo. Mguu wa kiti cha mwalimu niliukata mimi kwa msumeno wa baba yangu. Bawaba za mlango wa choo nilizilegeza mimi. Mbwa nilimfungua mimi. Sijapata kuwa na bahati hata siku moja, Mwamini. Nilikuwa na chuki, na muda wa kutosha.

Baba yako,
Hamisi